Nyimbo Kumi na Moja Zisizochezeka

Nimestaafu. Hapa Butembo neno hilo linawafaa walimu, wauguzi na watu wa posta ya zamani, siyo mtu aliyepiga kinanda miaka arobaini katika okestra ambayo hakuna aliyewahi kuiomba ipige. Lakini vidole vitatu vya mkono wangu wa kuume vimekataa kukunjuka asubuhi, na daktari ameniambia niviache vipumzike. Nilipompa mke wangu Masika habari hiyo, alimshukuru Mungu kwanza, kisha akanipa pole.

Ninyi vijana mnaopiga vinanda makanisani na katika studio za Bulengera mmeniomba niwaandikie jinsi kazi ilivyokuwa. Msitarajie habari za mishahara na vyeo. Mishahara haikuwapo, na cheo cha mkuu wa okestra nilijipa mwenyewe siku moja wenzangu walipokuwa wamekwenda kula.

Kwanza mjue ni muziki gani. Tulipiga roki ndefu, ile ya Wazungu ambayo wimbo mmoja unajaza upande mzima wa kaseti, mwimbaji anaingia kwa kuchelewa kama afisa wa serikali, na mdundo unahesabiwa saba badala ya nne. Wanaoijua wanaiita rock progressif, yaani roki ya maendeleo. Jina linafaa. Maendeleo mengi niliyoyaona katika eneo letu yalikuwa ya namna hiyo: marefu, yenye kelele nyingi, na hayafiki.

Siku yangu ya kwanza kazini nilikuwa na miaka kumi na minne. Mwalimu Kasereka, aliyeongoza kwaya ya parokia yetu, alikuwa fundi wa kila kitu chenye upepo ndani: vinanda vya miguu, mipira, matairi ya baiskeli. Alinikalisha mbele ya kinanda cha kanisa, akafunga kifuniko juu ya meno yake ya kubonyeza, akaniambia nikanyage. Nikakanyaga wiki tatu.

"Mwalimu, nitapiga siku gani?" nilimuuliza mwishoni.

"Si uko unapiga? Hii kitu inaimbaka na pumuzi. Mikono yako ni ya kupamba tu."

Mfuko wa upepo wa kinanda kile ulikuwa wa ngozi, na panya wa parokia waliupenda kuliko mahubiri. Mwalimu aliuziba kwa vipande vya koti la mvua na uji mzito wa unga wa muhogo. Panya wakala uji, kisha wakala koti. Tulikuja kugundua kwamba gundi ya watu wanaoziba matairi ndiyo pekee inayowachukiza. Andikeni hilo mahali, maana hamtalikuta katika kitabu chochote cha muziki. Pia alinifundisha kwamba ukikosea noti katikati ya Misa, uikosee tena kwenye ubeti unaofuata, na waamini watadhani ndivyo ilivyoandikwa. Nimeishi kwa fundisho hilo moja muda mrefu kuliko mnavyodhani.

Muhindo nilimkuta sekondari. Alitoka Beni, mtoto wa Waprotestanti, akiishi Butembo kwa shangazi yake. Alikuwa mrefu, mkimya, na alikuwa na gitaa lililobakiwa na nyuzi nne nzito. Mtu mwingine angetafuta nyuzi mbili nyingine. Yeye aliamua kwamba ni gitaa la besi, na jambo likaisha.

Muhindo ndiye aliyeipata ile kaseti. Familia moja ya kigeni iliyofanya biashara ya kahawa ilikuwa inahama na kuuza kila kitu, hata vijiko. Yeye alinunua katoni ya kaseti zisizo na maandishi. Nyingi zilikuwa masomo ya lugha. Moja ilikuwa na kinanda cha umeme kikipanda na kushuka bila mtu kuimba kwa dakika zaidi ya ishirini. Tuliisikiliza katika redio ya shangazi yake, iliyokuwa na betri za tangu Krismasi. Miezi sita tulijifunza muziki ule, noti kwa noti. Ndipo shangazi akanunua betri mpya, na tukagundua kwamba wimbo halisi unakimbia karibu mara mbili ya tulivyojifunza, na uko juu zaidi. Tulikuwa tumeshazoea. Baadaye mtaalamu mmoja wa redio aliusifu mtindo wetu, akasema ni mzito na una huzuni ya milima. Zilikuwa ni betri zilizokufa.

Tukampata Katembo wa ngoma, ambaye alijua kuhesabu mpaka saba, tukaiita okestra yetu Ukungu. Mwimbaji hatukuwa naye. Watatu walijaribu, na kila mmoja alikata tamaa akisubiri kuambiwa aanze lini.

Kinanda changu cha kweli kilitoka Kampala, mkono wa tatu au wa nne, kizito kama kabati la nguo lenye nguo zake. Kasindi, mpakani, mtu wa ushuru alikizunguka mara mbili.

"Hii ni nini?"

"Ni clavier, chef. Ya muziki."

"Muziki iko wapi?"

"Iko ndani. Lakini inaomba courant kwanza."

"Courant hapana hapa." Kweli umeme haukuwapo. Alitafakari, akafungua daftari lake, akaandika: *Meza moja, iko na meno.*

Tangu siku hiyo tulikiita Meza. Ilikuwa na tabia zake. Tukipiga kwenye baa yenye jenereta, friji ikianza kunguruma, Meza ilishuka nusu noti na sisi wengine tukabaki juu peke yetu. Ushauri wangu kwenu ni huu: kabla hujafungua chombo, mwombe mwenye baa azime friji, na umwahidi chochote isipokuwa kumaliza mapema.

Mtaniuliza kama watu walicheza. Huko Beni tuliwahi kupiga kwenye arusi moja, kwa sababu okestra iliyoalikwa ilikuwa imekwama njiani na sisi, kwa bahati mbaya ya bwana arusi, tulikuwa jirani. Wageni walisimama kwa furaha. Ukihesabu saba, mguu unaotakiwa kushuka kulia unashuka kushoto. Baada ya dakika chache shangazi wawili walikuwa wamegongana vichwa, na mzee mmoja alikuwa amekaa sakafuni bila kujua amefikaje. Baba wa bibi arusi alinijia akiwa amevua koti.

"Mwanangu, hii wimbo inaishaka?"

"Tuko karibu na katikati, papa."

Alikwenda nyuma ya nyumba akaizima jenereta kwa mkono wake. Katembo, kwa kuwa ngoma hazihitaji umeme, aliendelea peke yake, na hapo ndipo watu walipocheza kwelikweli. Tulichukulia jambo lile kama tusi kwa sanaa.

Kyavinyonge, ziwani, walitupokea vizuri zaidi. Wavuvi walikuwa wanasherehekea mtumbwi mpya wenye injini. Walikaa wakatusikiliza mpaka mwisho, kimya, wakatushukuru, na mmoja akauliza kama tunaumwa. Tulirudi Butembo juu ya lori la samaki, Meza ikiwa imelazwa kati ya masanduku ya tilapia. Harufu haikutoka tena. Miaka iliyofuata, kila tulipofanya mazoezi, paka wa mtaa walikuja wakapanga mstari dirishani. Sijawahi kuwa na wasikilizaji waaminifu kuliko wale.

Sasa nifike kwenye Semuliki. Ningependa kuiruka, lakini Espérance, binti wa Katembo, atasoma hapa.

Mimi ni mtu wa vidole. Nipe wimbo nitauvalisha, nitaufunga kilemba, nitautia bangili mpaka kwenye viwiko. Kuutoa wimbo mahali ambapo hakuna kitu, hilo sikuwahi kuliweza. Muhindo aliliweza. Likizo moja alirudi kutoka kwao, akakaa uani kwetu michana mitatu mfululizo na gitaa lake la nyuzi nne, na mchana wa tatu alikuwa na wimbo mzima wa dakika kumi na tisa: mwanzo, kona zake, na mwisho. Aliuita Semuliki kwa sababu ya mto. Mimi niliongeza mapambo.

Tuliurekodi Jumamosi moja katika redio ndogo ya mjini, kwenye mashine ya njia mbili tu. Kipaza sauti cha kwanza kiliwekwa mbele ya besi na ngoma, cha pili mbele yangu. Mimi ni mtu wa adabu, sikutaka kipaza sauti changu kijione mpweke, basi nilifungua Meza mpaka mwisho.

Kisha ikafika kazi ya kuandika jalada. Karatasi ya kaseti ni ndogo. Nilichukua kalamu ya buluu nikaandika jina la okestra, jina la wimbo, na chini yake: *Muziki: Kakule.* Nafasi ilikuwa imebaki, ya kutosha jina jingine moja na nusu. Muhindo aliichukua kaseti, akaisoma, akaigeuza nyuma kana kwamba pengine maandishi yanaendelea huko.

"Bon," alisema, yaani sawa.

Alipiga nasi mara mbili zaidi, kisha akarudi Beni. Niliwaambia watu kwamba kanisa la kwao limemkataza muziki wa dunia. Lilikuwa jibu zuri. Hakuna aliyeuliza swali la pili.

Semuliki ndio wimbo pekee wa Ukungu ambao watu waliukumbuka. Redio ziliupiga kwenye vipindi vya matangazo ya vifo, kwa sababu ulikuwa mrefu wa kutosha hata wiki mbaya. Mtangazaji alipokuwa akiniuliza nimeutungaje, nilikuwa na hadithi yangu: nimekaa ukingoni, jua linachwa, maji yananiambia neno. Wakati wimbo ule unatungwa sikuwa nimeuona mto Semuliki hata kwa picha. Niliisimulia hadithi hiyo miaka mingi kiasi kwamba nilianza kukumbuka rangi ya maji.

Baada ya Muhindo kuondoka nilipiga besi kwa mkono wa kushoto, nikatunga nyimbo zangu mwenyewe, nikafundisha muziki sekondari, nikapiga Misa za Jumapili. Nyimbo zile mtazisikia. Zina mapambo mengi.

Katembo alifariki, Mungu amlaze pema, akamwacha binti yake Espérance, niliyemfundisha kinanda tangu miguu yake haifiki chini. Leo ana studio yake Bulengera, yenye kompyuta na paneli za jua, na anarekodi kwaya za madhehebu yote bila ubaguzi. Aliposikia nimestaafu alikuja nyumbani.

"Papa Kakule, tufanye compilation. Nyimbo kumi na moja, toka ya kwanza mpaka ya mwisho. Batu bajue kazi yako yote."

"Nani atanunua?"

"Hilo haiko swali ya msanii," alijibu. Nikaona nimemfundisha vizuri mno.

Tulikusanya kaseti kutoka kwenye makabati, kwenye masanduku ya maharage ya Masika, kwenye pikipiki ya mtu mmoja aliyetumia moja yao kuziba taa. Tukapata nyimbo kumi. Bango likachapwa: *Kakule, Miaka Arobaini*, na chini yake kwa herufi kubwa, *Pamoja na SEMULIKI.* Ndipo tukaiweka kaseti yangu ya Semuliki kwenye mashine. Dakika sita zilikwenda vizuri. Ya saba, sauti ya mhubiri ilinguruma ikituuliza tutakuwa wapi siku ile ya mwisho. Shemeji yangu alikuwa amerekodi semina nzima juu yake.

Espérance alizima. "Bila Semuliki hii haiko compilation, papa. Ni certificat ya kifo. Nani mwingine ako nayo?"

Nilimjua mmoja tu.

Tulitoka Butembo asubuhi. Barabara ya Beni mnaijua. Siku hiyo ilikuwa shwari, maana yake abiria waliuliza habari za usalama mara tatu tu kabla ya kupanda. Njia nzima Espérance alinisimulia jinsi Semuliki ilivyomfanya apende muziki. Mimi nilitazama dirishani kama mtu anayehesabu miti.

Muhindo alikuwa seremala katika komini ya Ruwenzori, huko huko Beni. Tulimkuta mbele ya nyumba anapiga randa ubao wa benchi la shule. Nywele zilikuwa nyeupe, mikono ile ile.

"Kakule," alisema. "Umezeeka mubaya."

"Na weye?"

"Mimi niko na mbao. Mbao njo inazeeka pahali pangu."

Alitupa viti, akaleta chai mwenyewe. Niliuliza kama kanisa limemruhusu kunywa chai na watu wa dunia. Alinishangaa.

"Kanisa? Nani alikuambia kanisa ilinikataza kitu? Napigaka basse kila siku ya Mungu. Nilirudiaka kule sababu habakuwa na clavier."

Espérance alicheka, akidhani ni mzaha. Kisha, kwa adabu yake yote, akasema, "Papa Muhindo, tunatafuta kaseti ya Semuliki. Ile wimbo ya Papa Kakule."

Muhindo aliweka kikombe chini polepole.

"Ya papa nani?"

Nimewahi kusimama mbele ya arusi iliyozimiwa umeme. Nimewahi kushuka nusu noti mbele ya askofu. Zote mbili zilikuwa afadhali. Ningeweza kukohoa, ningeweza kusema ni yetu sote, na yeye, kwa jinsi nimjuavyo, angesema tena bon.

"Ni yake," nikamwambia Espérance. "Muhindo njo alitunga, yote, toka mwanzo mpaka mwisho. Mimi niliandika tu jina yangu juu."

Alinitazama kama mtu aliyeng'atwa na kuku wake mwenyewe.

"Mais papa, ulisema ulikuwa unaangalia muto."

"Ule muto sikukuwa naujua."

"Nilibadirisha noti moja, nikiwa mutoto, ukanikatalia! Ulisema noti ya mutungaji haiguswake! Nililia!"

"Nakumbuka."

"Noti gani?" aliuliza Muhindo, ghafla mwenye hamu. Espérance akamwimbia, macho yamejaa maji. Muhindo alitikisa kichwa. "Yako ilikuwa muzuri kupita," akasema.

Aliingia ndani, akatoka na kopo la maziwa ya unga. Ndani yake kulikuwa na mchele, na katikati ya mchele, kaseti iliyofungwa kwa plastiki. Mchele unanyonya unyevu. Hilo nalo liandikeni. Alituambia kwamba zamani alikuwa na shamba la kakao mbali kidogo na mji. Siku walipokimbia kutoka kule, mkewe alibeba mtoto na sufuria, yeye akabeba godoro na kopo hilo. Hatukuuliza walikimbia nini. Hakuna anayeuliza.

Niliyaona maandishi yangu ya buluu, yamepauka lakini yanasomeka vizuri sana.

"Nisamehe, ndugu yangu," nikasema. "Jina tutairudisha. Nitaisema ku radio pia."

"Jina?" Muhindo alipunga mkono kama anafukuza nzi. "Andika ya nani unataka. Jina haiimbake." Kisha sauti yake ikabadilika, na nikaelewa kwamba hasira ipo, ila miaka yote nilikuwa naitafuta kwenye nyumba isiyo yake. "Dakika ya saba mpaka ya kumi na moja. Pale ulifanya nini, Kakule?"

"Nilipiga solo."

"Ulipiga na mikono miwili, na kama ungeweza kuweka muguu ungeweka. Ile pahali ilikuwa ya mama yangu. Tukiwa batoto tulikuwa tunachezaka ng'ambo ya Semuliki, anatuita tuvuke turudie nyumbani. Anaita, ananyamaza, anangoya tuitike. Ile mwaka tulirekodi njo alikuwa amekufa. Nikamuweka mu basse vile alikuwa anatuita. Na weye ulimusemea juu dakika ine. Batu bote banasema Semuliki ni muzuri. Hakuna mutu amesha kuisikia."

Sikujua. Nilikwenda kwenye kilio cha mama yake, nilikula na kupiga kinanda pale, na sikuwahi kumuuliza wimbo ule ni wa nini. Nilikuwa na shughuli na vidole vyangu.

"Papa Muhindo," alisema Espérance taratibu, "muliirekodi na njia ngapi?"

"Mbili. Yetu na yake."

"Donc naweza kumushusha sauti."

Muhindo alimtazama, akanitazama, akaliweka kopo zima la mchele mikononi mwa binti yule.

Kesho yake mchana nilikaa studioni kwenye kiti cha nyuma. Espérance aliisafisha kaseti, akaigawa njia mbili, akaniuliza anishushe kiasi gani. Nikamwambia anitoe kabisa, tusikie. Dakika ya saba ikafika. Besi ilipanda noti tatu, ikanyamaza. Ikapanda tena tatu, na ya mwisho Muhindo akaivuta, kama mtu anayeweka mkono mdomoni ili sauti ivuke maji. Ikanyamaza tena. Mahali pale mama wa watu aliponyamaza kusubiri jibu, mimi nilikuwa nimeweka noti arobaini kila mara. Nimepiga kinanda miaka yote hiyo, na kitu kizuri kuliko vyote katika mkusanyo wa kazi yangu ni dakika nne ambazo simo.

Espérance alilia waziwazi. Mimi nilipata shughuli ya kusafisha miwani.

Mabango hatukuweza kuyachapa upya, basi nilizunguka nayo mjini na kalamu nyeusi, nikiandika *ya Muhindo* mbele ya Semuliki, bango kwa bango. Watu walidhani natafuta kura. Redioni nilieleza kila kitu, wizi wote, na mtangazaji akacheka sana, akasema wasanii wakubwa ni wanyenyekevu, akaniuliza basi ulikuwa unawaza nini ulipoutunga. Walimu wenzangu wawili waliacha kunisalimu. Nyumbani, Masika alikuwa anachagua maharage nilipomwambia. Hakuinua hata kichwa.

"Nilikuwa najua," alisema.

"Ulijuaje?"

"Ile wimbo ni muzuri sana kwa weye."

Kabla albamu haijafungwa, Muhindo alikuja Butembo. Alivaa suti ya kanisani na viatu vilivyopigwa rangi. Espérance alimkalisha mbele ya spika, mimi nikasimama mlangoni, tayari kwa lolote. Espérance alikuwa amenishusha mpaka nikawa kama mtu anayefanya mazoezi mtaa wa tatu. Muhindo alifumba macho. Alisikiliza dakika zote kumi na tisa bila kutikisa mguu. Ya saba ilipofika alishika magoti yake kwa mikono miwili, na hakuyaachia mpaka ya kumi na moja ilipopita.

Wimbo ukaisha.

"Clavier iko mbali sana," alisema.

Espérance alinigeukia, hajui afanye nini.

"Iko mbali," alirudia Muhindo, akafungua macho. "Mama anaita, na hakuna mutoto anaitika. Murudishe Kakule. Kidogo."

Espérance aliweka kidole kwenye kitufe akakipandisha.

"Kidogo, nimesema," Muhindo akasema. "Namujua, huyu."